Robert Chesebrough, muzungu mwenye alikula mafuta ya kujipakala

Siku hizi mabinti wa miji yetu wanataka uso wenye kung'aa kama kiyoo kimetoka kuoshwa. Wanaiita kwa Kifaransa peau de verre, ngozi ya kiyoo. Ule mutindo ulitoka Korea ya Kusini, ukapita mu telefone, ukafika Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa. Shavu lazima likamate mwanga, paji la uso liwe kama limenyeshewa na umande, na pua ambayo zamani mutu alikuwa anaipangusa na kitambaa mbele ya kupigwa foto, leo njo inaachwa ing'ae. Kuna wale wananunua vichupa vidogo kwa bei ya mufuko wa unga. Kuna pia wale wenye akili ya nyumbani: mangaribi wananawa, wanaacha uso na maji maji kidogo, halafu wanapakala Vaseline juu na kulala. Kule ngambo wameipa hiyo desturi jina la koa, yule ndugu ya konokono asiye na nyumba, juu ya utelezi wake.

Mama zetu hawakungoja Korea. Mutoto mwenye kutoka mu nyumba na miguu ya majivu anamupatishaka mama yake haya mbele ya kartie yote. Kwa hiyo kila asubuhi, mbele ya masomo, mama anamukamata mutoto kwa kidevu, anachota mafuta na kidole, anapakala uso, masikio, shingo, magoti, na mutoto anatoka akimetameta kama sahani. Kungaa kwa uso ilikuwa njia ya kusema kwamba huyu mutoto ana mutu. Vaseline tunaijua sisi wote. Mwenye aliitosha mu udongo na kuitia mu kikopo, wachache wanamujua. Njo maisha yake tunasimulia leo.

Robert Augustus Chesebrough alizaliwa London tarehe 9 Januari 1837, lakini wazazi wake walikuwa Wamarekani na yeye mwenyewe alikomalia New York. Alijifunza kemia. Katika ujana wake alitumika kazi ya kusafisha mafuta ya taa, na mu siku zile mafuta mazuri ya taa yalitoka kwa nyangumi, yule munyama mukubwa wa bahari. Mabahari walikuwa wanaenda miaka mbili mpaka tatu baharini kuwinda nyangumi, wanamuchemsha mafuta yake, wanarudi na mapipa, na watu kama Chesebrough wanayasafisha ili taa isitoe moshi sana. Kazi ilikuwa inalisha. Haikuonekana kama itaisha kesho.

Iliisha karibu siku moja. Tarehe 27 Agosti 1859, pale Titusville, mu jimbo la Pennsylvania, Edwin Drake alitoboa udongo mpaka metre 21 hivi na mafuta yakapanda yenyewe. Mutu akiweza kuchota mafuta ya taa chini ya miguu yake, nani tena ataenda kupigana na nyangumi? Chesebrough alikuwa na miaka 22. Alielewa kwamba ufundi wake umekuwa kitu cha zamani mbele hata yeye hajazeeka. Wengine wangekaa kulia bahati mubaya. Yeye alikata tiketi, akaenda Titusville kuangalia ile kitu yenye kumunyanganya kazi.

Mujipicishie ile fasi: matope, mbao, farasi wenye kuzama mpaka magoti, watu wenye kuja mbio kutafuta utajiri, harufu ya petroli kila upande. Wale wenye wamefika kwenye machimbo yetu ya zahabu siku za kwanza hawana haja ya mimi niwaeleze. Pale katikati ya ile vurugu, Chesebrough aliona kitu wengine walikuwa wanatupa. Kwenye vyuma vya mapompi kulikuwa kunagandama uchafu moja mweusi, muzito, wenye kuteleza kama nta iliyoanza kuyeyuka. Ulikuwa unaziba mashini, watumishi wanausimamishia kazi kila mara ili waukwarue, na wanautukana. Lakini mutumishi akijikata, ao akiungua, alikuwa anachukua kidogo ya ule uchafu na kupaka juu ya kidonda. Walikuwa wanasema kinapona mbio.

Hakuna munganga aliyewafundisha. Ilikuwa dawa ya watu wa kazi, kama vile wachimbaji na wavuvi wetu wana zao.

Chesebrough alijaza vyombo na ule uchafu, akarudi nao Brooklyn. Na hapa njo kunaonekana alikuwa mutu wa namna gani, kwa sababu kupata wazo inaweza kuwa ya dakika moja, lakini kulifanya likubali kuingia mu kikopo ilimukamata miaka mingi. Ule mweusi ulikuwa unanuka, na mu petroli yenye haijasafishwa kuna vitu vibaya kwa mwili. Alijifunza kuuchemsha polepole na kuuchuja ndani ya makala ya mifupa, yaani mifupa ya nyama iliyochomwa mpaka ikawa makala. Makala yale yanakamata rangi na harufu. Alichuja, akarudilia, na mwisho akabaki na kitu cheupe karibu, laini, bila harufu, chenye hakiozi kama siagi ao mafuta ya nguruwe. Tukumbuke hii neno la kuoza. Mafuta ya kupakala ya wakati ule yalitoka kwa nyama ao kwa mimea, na mu joto yalikuwa yanaharibika na kunuka. Hii mupya ingeweza kukaa miaka mu kabati.

Kuijaribu, alijijaribia yeye mwenyewe. Alijikata, alijiunguza na moto na asidi mikononi, akajipakala, akangoja. Karibu na mwaka 1870 alikuwa na usine yake mu Brooklyn, na tarehe 4 Juni 1872 serikali ya Marekani ilimupa hati ya uvumbuzi, ile tunaitaka brevet, namba 127,568. Katika hati ile jina Vaseline linaandikwa tayari. Inaelezwa kwamba alilifunga toka neno la Kijerumani lenye maana ya maji na neno la Kigiriki lenye maana ya mafuta ya mizeituni. Maji na mafuta! Tutarudi hapo, kwa sababu siri yote ya uso wa kungaa imekaa mu yale maneno mawili.

Lakini musomaji anisikilize: mu hati ile Chesebrough haanzi na uso wa bibi mwenye urembo. Anaanza na ngozi ya viatu. Anaeleza kwamba kitu chake ni kizuri kwa kulainisha ngozi za nyama zenye kutengenezwa, kwamba ni kizuri kwa kulainisha mashini, na kisha kwamba kinafaa pia kwa mikono yenye kupasuka. Yaani ile kitu tunapakala leo usoni mbele ya kwenda kwenye arusi, mwenyewe aliifikiria kwanza kwa viatu na magurudumu. Mimi sioni ubaya ndani yake. Ngozi ya kiatu na ngozi ya shavu zinapasuka kwa sababu moja: maji yameikimbia.

Wenye famasi hawakutaka. Nani anunue mafuta ya pompi kwa kuweka juu ya kidonda? Chesebrough alipanda gari ya farasi, akapita mu vijiji na miji ya jimbo la New York, akigawa vikopo vidogo bure. Watu wakikusanyika, alikuwa anajiunguza mukono mbele yao, anapakala Vaseline kwenye kidonda kipya, na kuwaonyesha vidonda vya zamani vyenye vimepona. Mu masoko yetu tunawajua wale wenye kusimama na kipaza sauti na chupa ya dawa yenye kuponesha kuanzia jino mpaka bahati. Tofauti ni kwamba huyu alilipa na ngozi yake mwenyewe. Watu walipomaliza vikopo vya bure walienda kwa mwenye famasi kuuliza vingine, na mwenye famasi, akiona wateja wamesimama mbele yake na feza, alilazimika kuandikia Brooklyn.

Mambo ya biashara tuyapite haraka. Mwaka 1881 kampani yake iliingia mu mikono ya Standard Oil, ule utawala mukubwa wa petroli wa John D. Rockefeller, na ilitoka tena mwaka 1911 wakati tribinali kubwa ya Marekani ilipoivunja Standard Oil vipande vipande. Chesebrough alikuwa ameoa mwaka 1864, alipata watoto, alitajirika.

Kinachotusumbua sisi ni kitu alichoamini. Aliamini kwamba Vaseline ni dawa. Hakusema inasaidia, aliamini inaponesha. Inasimuliwa kwamba alipopita miaka hamsini alishikwa na ugonjwa mukali wa mbavu na mapafu, akaamuru mutunza wagonjwa amupakale Vaseline mwili mzima, toka kichwa mpaka unyayo. Alipona, na akaipa Vaseline sifa yote. Tena inasimuliwa kwamba kila siku alikuwa anakula kijiko kimoja ya ile mafuta, kama vile sisi tunameza asali. Alikufa tarehe 8 Septemba 1933 pale Spring Lake, mu jimbo la New Jersey, akiwa na miaka 96, na mpaka mwisho aliamini njo kile kijiko kilimufikisha pale.

Nyanya yangu alifika karibu na umri ule akivuta tumbako ya pua asubuhi na mangaribi. Hakuna mutu mu fami yetu aliyeandika kwamba tumbako njo ilimuchunga.

Basi, Vaseline inafanya nini kweli? Waganga wa ngozi wa leo wanaeleza hivi. Ngozi yetu inavuja. Saa yote, hata bila jasho, maji yanatoka ndani ya mwili, yanapita mu ngozi na kuenda mu hewa. Kwenye ngozi yenye imechoka, yenye imeoshwa na sabuni kali, ao mu ule upepo wa kiangazi unaotukausha Lubumbashi miezi ya Juni na Julai, inavuja zaidi. Vaseline haiongezi hata tone moja ya maji. Inafunga mulango tu. Inakaa juu kama kifuniko cha sufuria, na maji yanabaki chini, na ngozi inapata wakati wa kujitengeneza. Kidonda kidogo chenye kimeoshwa vizuri, kikifunikwa hivyo, kinapona vizuri kuliko kile kimeachwa kikauke na kupasuka. Wale watumishi wa Titusville, na matope yao, waliona kitu cha kweli. Chesebrough naye aliona kweli, isipokuwa alifikiri mulango njo munganga.

Ni vile pia kwa kungaa. Angalia ziwa la Kivu asubuhi, mbele upepo haujaamuka: unaona jua moja, muviringo, kama limewekwa juu ya meza. Upepo ukianza, jua lile linavunjika vipande elfu na maji yanaonekana kijivu. Ngozi kavu ni ziwa lenye upepo. Vipande vidogo vimesimama kila upande na mwanga unapotea. Ukiweka maji, kisha mafuta juu, vile vipande vinalala, uso unakuwa sawasawa, na mwanga unarudi pamoja. Kwa hiyo mwenye kupakala Vaseline kwenye uso mukavu kabisa anafunga mulango wa nyumba tupu. Mama mwenye kumupakala mutoto mara tu ametoka mu beseni ya kuogea anajua kazi yake, hata bila Kikorea.

Kuna mambo ambayo Chesebrough alikosea na ambayo mu nyumba zetu bado tunayafanya. Mutu akiungua na chai ya moto, mara moja tunakimbilia kikopo. Hapana. Kidonda cha moto kinataka maji safi ya baridi kwanza, dakika 20, maana mafuta juu ya ngozi yenye bado inachemka yanafungia joto ndani. Kuila, tusiongee. Na kujaza mu pua ya mutoto kila usiku juu ya mafua, waganga wanakataza, kwa sababu mafuta yanaweza kushuka polepole mpaka mu mapafu na kuleta ugonjwa pale. Mwenye chunusi nyingi naye aende polepole. Mulango ukifungwa, uchafu nao unabaki ndani.

Lakini kuna moja kubwa kuliko zote, na njo ilinifanya nichague huyu mutu leo. Mu masoko, pembeni ya Vaseline, munajua kinachouzishwa: zile krimu za kujichubua. Kuna wasichana wenye kutafuta ngozi ya kiyoo na wauzaji wanawachanganyishia mu kikopo kimoja Vaseline na krimu ya kortizoni, saa ingine na nyingine yenye hatujui hata ilitoka wapi. Baada ya majuma machache uso unang'aa kweli, na rafiki wanauliza siri. Siri ni hii: kortizoni ikipakaliwa muda mrefu inapunguza unene wa ngozi. Ngozi nyembamba nayo inang'aa, kama karatasi yenye mafuta, na mwishowe mishipa midogo myekundu inaonekana chini yake. Na ule mulango wa Chesebrough, wenye unafungia maji ndani, unafungia krimu ndani vilevile, unaisukuma iingie zaidi. Mwangaza ule na mwangaza wa mutoto mwenye ametoka kuoga havitofautiane sana mu foto. Jikoni, mbele ya moto, utajua: mwenye ngozi nyembamba anaungua uso na hawezi tena kuvumilia jua. Akiacha krimu ghafula, uso unavimba na kuwasha, na anairudilia. Mwenye amekwisha kuingia humo asiache peke yake kwa hasira ya siku moja. Aende kwa munganga wa ngozi, amupunguzishie polepole.

Chesebrough mwenyewe hakuona kabisa uso wenye kung'aa kuwa urembo. Mu miaka yake ya mwisho wanawake wa Marekani walikuwa wanatembea na kisanduku cha poda mu mufuko, na pua yenye kung'aa ilikuwa haya kubwa; lazima uifunike mbele mutu hajaona. Vaseline ilikuwa kwa midomo, mikono, matako ya watoto. Hata hivyo uzuri ulianza kuichukua bila kumuuliza. Mwaka 1915, mu Chicago, kijana Tom Lyle Williams alimuona dada yake Mabel akichanganya Vaseline na makala ya kusaga, anapakala kwenye kope za macho. Kijana akafanya biashara nayo, na jina la biashara, Maybelline, alilifunga toka kwa Mabel na Vaseline.

Baada ya kifo chake kampani iliendelea. Mwaka 1955 iliungana na Pond's, wale wa krimu ya uso, na mwaka 1987 ikaingia mu mikono ya Unilever. Na hapa, bila kutazamia, ile historia ya muzungu wa Brooklyn inafika kwetu. Unilever ilizaliwa toka kampani ya Lever, mwenye sabuni Sunlight, na Lever alipewa na Ubeljiji mwaka 1911 haki juu ya hektari mpaka 750,000 za ngazi mu inchi yetu. Kampani iliitwa Huileries du Congo Belge. Lusanga, mu Kwilu, walibadilisha jina wakaiita Leverville. Watu walilazimishwa kupanda miti na kukata ngazi kwa bei ambayo haikutosha kulipa kodi, na mwaka 1931, wakati Chesebrough bado yuko hai na kijiko chake, Wapende wa Kwilu waliasi. Jeshi la wakoloni liliua mamia yao.

Mafuta ya wale watu yalienda Ulaya kuwa sabuni, ya kuosha mikono ya watu wengine. Yale yaliyobaki mu kijiji, yenye yalitoka ndani ya kokwa ya ngazi, mama walikuwa wanayakaanga mpaka yawe meusi na kuyapakala kwa watoto wachanga na mu nywele. Ni yale tunaitaka manyanga. Harufu yake ni kali, wasichana wa leo wanaikimbia. Lakini pitieni sokoni mangaribi moja: kwenye meza ya mama muuzaji wa mafuta, kikopo cha Vaseline na kichupa cha manyanga vimekaa pamoja, vyote viwili na vumbi ya barabara juu ya kifuniko. Ukimuuliza ni gani nzuri kwa mutoto, anafungua chupa ya manyanga, anakupakala kidogo nyuma ya mukono, na anangoja uone namna inang'aa.